Kuhama Kazi na Kuingia kwenye Biashara ya Nyumba na Ardhi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Swali linalorudi kila mara ni lilelile: "Nimeacha kazi, nimepata leseni, nimejiunga na kampuni, miezi sita imepita na sijauza hata chumba. Nimekosea wapi?" Ukiwauliza zaidi, wachache sana wameshindwa kwa sababu hawajui kuongea na wateja. Wengi wameishiwa pesa kabla kazi haijaanza kulipa, na waliobaki wameingia kwa mlango usiowafaa. Mwongozo huu unaanza na hayo mawili, kisha unakwenda hadi malipo ya kwanza.

Sheria, viwango vya kamisheni na majina ya vyeti hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Utaratibu wa kuhama haubadiliki sana.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kumbukumbu ya matumizi yako halisi ya miezi mitatu iliyopita, si makadirio ya kichwani.
- Akiba ya matumizi ya miezi sita, kama unalenga kazi ya kamisheni. Ukiwa na watoto shuleni au mkopo unaoulipa, lenga miezi tisa.
- Nakala ya mkataba wa kazi uliyonayo sasa.
- Vyeti vya shule, kitambulisho na cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Bodi nyingi za usajili huviomba.
- Simu yenye kamera nzuri, na laini ya pili kwa ajili ya kazi tu.
- Jedwali la kompyuta au daftari kubwa lenye mistari. Programu za kulipia zinaweza kusubiri.
- Tepu ya kupimia, tochi na viatu vya kutembelea.
- Saa nane hadi kumi kwa wiki, nje ya kazi yako ya sasa. Usipozipata saa hizi ukiwa bado umeajiriwa, hatua ya 3 na ya 5 zitakushinda, na bila hizo mengine yote ni kubahatisha.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya pengo

Kamisheni hulipwa mwisho wa safari. Leo unampata mwenye nyumba, mnaelewana bei, nyumba inakaa sokoni wiki kadhaa, mnunuzi anapatikana, benki yake inataka tathmini, mwanasheria wake anafanya upekuzi wa hati, umiliki unahamishwa, ndipo pesa inatoka. Kazi uliyoifanya mwezi wa kwanza inaweza kukulipa mwezi wa tano au wa sita, na hapo ni kama mauzo hayakuvunjika njiani. Huvunjika, na mara nyingi huvunjika siku za mwisho kabisa.

Sasa tazama kinachobaki mkononi. Chukua nyumba ya 100,000, sarafu yoyote unayoifikiria, na kamisheni ya asilimia 3. Hiyo ni 3,000. Wakala wa muuzaji na wakala wa mnunuzi wanagawana nusu kwa nusu: 1,500. Kampuni yako inachukua asilimia 40, unabaki na 900. Toa gharama za picha, nauli, matangazo na simu, tuseme 150. Imebaki 750, na kodi ya mapato bado haijakatwa.

Kama matumizi ya nyumbani kwako ni 1,000 kwa mwezi, mauzo hayo hayajakufikisha hata mwisho wa mwezi mmoja. Kwa mwaka unahitaji mauzo 16 ya aina hiyo, kabla ya kodi. Rudia hesabu hii kwa namba za soko lako, ukiweka kamisheni inayolipwa kweli na si ile iliyoandikwa kwenye vipeperushi.

Kuna jambo jingine la kuingiza kwenye hesabu: soko lenyewe hupumua. Nchini Marekani, riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilikuwa karibu asilimia 3 mwaka 2021. Kufikia Oktoba 2023 ilikuwa imepita asilimia 7.5. Mwaka huo mauzo ya nyumba zilizokwishakuwa na wamiliki yalishuka hadi takriban milioni 4.09, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1995. Wakala aliyeingia kazini mwanzoni mwa 2022 kwa kuangalia mapato ya wenzake wa 2021 alikuwa anaangalia picha ya zamani.

Tahadhari: usikope ili kuziba pengo hili, wala usiguse akiba ya uzeeni. Mtu mwenye deni linaloiva kesho humsukuma mteja, na mteja hulinusa hilo haraka.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba tatu zilizoandikwa: matumizi yako kwa mwezi, idadi ya mauzo au mapangisho unayohitaji kwa mwaka, na mwezi ambao akiba itakwisha kama hujaingiza chochote.

## Hatua ya 2: Chagua mlango

Watu wakisikia sekta hii wanaona mtu mmoja tu: dalali mwenye funguo mkononi. Ukweli ni kwamba kuna milango mingi, na mingine ina mshahara tangu mwezi wa kwanza.

Uwakala wa mauzo. Kipato kikubwa, kinachochelewa na kisichotabirika. Unamfaa mwenye akiba, mwenye mtandao mpana wa watu wanaomwamini, na asiyeumizwa na kukataliwa.

Upangishaji. Kamisheni ni ndogo, lakini mpangaji huamua kwa siku, si kwa miezi. Kwa anayeanza ni shule nzuri: utaonyesha nyumba nyingi, utasoma mikataba mingi, na utajifunza watu wanauliza nini hasa wakiingia jikoni.

Usimamizi wa majengo. Kukusanya kodi, kushughulikia mabomba yaliyopasuka, kuajiri walinzi na wasafishaji, kumtumia mwenye jengo taarifa ya mapato kila mwezi. Mara nyingi ni kazi ya mshahara, na soko la mauzo likilala bado watu wanaishi kwenye nyumba na kodi bado inakusanywa. Kwa maoni yangu huu ndio mlango unaopuuzwa zaidi, hasa na wahasibu, wasimamizi wa ofisi na watu waliofanya kazi hotelini, ambao tayari wanajua nusu ya kazi.

Uthamini. Hapa kuna shule ya kweli: shahada au stashahada, mafunzo kazini chini ya mthamini aliyesajiliwa, kisha usajili. RICS, chama cha Uingereza cha wapimaji na wathamini wa ardhi na majengo, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina wanachama sehemu nyingi duniani na viwango vyake vya uthamini hutumika mbali na Uingereza. Usiingie mlango huu kama unahitaji kipato kipya ndani ya mwaka.

Mikopo ya nyumba. Unawasaidia wanunuzi kupata mkopo wa kununulia. Ukitoka benki, umeshafika nusu ya njia.

Mauzo kwenye kampuni za ujenzi. Unauza nyumba za mwajiri mmoja, mara nyingi zikiwa bado kwenye ramani. Kuna mshahara mdogo pamoja na kamisheni. Chunguza kwanza miradi iliyopita ya kampuni ilikabidhiwa lini ikilinganishwa na tarehe iliyoahidiwa, kwa sababu jina litakalobaki kwa wateja mradi ukikwama ni lako.

Kununua nyumba zako mwenyewe na kupangisha ni uwekezaji. Unahitaji mtaji, na hauhesabiki kuwa kazi mpya mpaka ziwe nyingi. Wanaokuuzia semina za "nunua nyumba bila pesa" wanapata kipato chao kwenye kiingilio cha semina.

Sasa oanisha mlango na ulikotoka. Mwalimu hueleza jambo gumu kwa subira, kwa hiyo hufaa sana kwa wanunuzi wa mara ya kwanza. Muuguzi amezoea watu walio kwenye msongo, na kuhama nyumba ni msongo. Fundi wa umeme au wa ujenzi huona ufa na kujua kama ni wa plasta au wa msingi, na mnunuzi yuko tayari kumsikiliza mtu wa aina hiyo kuliko muuzaji wa maneno. Andika mambo matatu unayoyafanya vizuri kwenye kazi yako ya sasa, kisha tafuta mlango ambao angalau mawili yanatumika kila siku.

## Hatua ya 3: Ione kazi kabla ya kuiacha ya kwako

Tafuta watu watatu wanaofanya kazi ya mlango uliouchagua, wa makampuni tofauti. Omba kufuatana na mmoja wao kwa siku nzima, ikiwezekana siku ya kawaida ya katikati ya wiki. Wengi hukubali ukisema wazi kwamba huji kuchukua wateja.

Waulize maswali yanayogusa pesa na muda: "Kutoka siku uliyoanza hadi malipo ya kwanza ilichukua muda gani? Mwezi mbaya zaidi wa mwaka jana uliingiza kiasi gani? Wateja wako watano wa mwisho walitoka wapi?" Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Jibu likiwa "wanakuja tu," huyo ana miaka mingi kazini na amesahau jinsi alivyoanza. Tafuta mwingine aliyeanza karibuni.

Ukiwa naye, hesabu: amepiga simu ngapi, ameonyesha nyumba ngapi, amesubiri watu wangapi ambao hawakutokea. Siku ya wakala ni kusubiri kwingi, foleni nyingi na makaratasi mengi. Kama hiyo ndiyo sehemu iliyokuchosha kwenye kazi yako ya sasa, rudi hatua ya 2.

Tahadhari: soma mkataba wako wa kazi. Waajiri wengine wanakataza kazi ya pembeni au wanataka waarifiwe. Na orodha ya wateja wa mwajiri wako si yako, hata kama wewe ndiye uliyeiandika.

## Hatua ya 4: Leseni na usajili

Hakuna sheria moja ya dunia. California hudai saa 135 za masomo kabla ya mtihani wa leseni ya muuzaji, Texas saa 180. Singapore ina chombo chake, Council for Estate Agencies, kilichoundwa mwaka 2010, na huruhusiwi kufanya uwakala bila kufaulu mtihani na kusajiliwa hapo. Kenya ina Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. England wakala hahitaji leseni ya mtu binafsi, lakini biashara ya uuzaji wa nyumba lazima ijiunge na mpango wa kusuluhisha malalamiko ya wateja.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Tafuta sheria yenyewe ya nchi au jimbo lako na usome sehemu inayoeleza nani anahesabiwa wakala. Mahali pengine hata kumpeleka mtu kuona nyumba kwa malipo kunahitaji usajili.
2. Fungua rejista ya bodi, ambayo kwa kawaida iko wazi kwa umma, na uangalie kama wale watatu wa hatua ya 3 wamo. Wasipokuwamo, umejifunza jambo.
3. Uliza kama anayeanza anaweza kufanya kazi peke yake. Marekani, kwa mfano, mwenye leseni ya muuzaji lazima awe chini ya broka mwenye leseni ya juu zaidi.
4. Hapo ndipo ulipie masomo, kwenye chuo kinachotambuliwa na bodi hiyo.

Usicheleweshe hatua hii, lakini usiitegemee pia. Mtihani unapima sheria, mikataba na hesabu. Hauna swali hata moja kuhusu namna ya kumpata mteja wa kwanza, na ndiyo maana mtu anaweza kufaulu vizuri na bado akakaa miezi bila simu kuita.

## Hatua ya 5: Ujue mtaa mmoja kuliko mtu mwingine yeyote

Hapa ndipo saa zako nane za kila wiki zinapokwenda, na ndiyo hatua ambayo karibu kila aliyeshindwa aliiruka.

Chagua eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu ndani ya saa mbili. Kila nyumba inayotangazwa humo iingize kwenye jedwali: ukubwa, vyumba, bei iliyotangazwa, tarehe ya tangazo, kila bei ilipopunguzwa, na bei iliyolipwa mwishoni kama inapatikana kwenye rejista ya ardhi, kwa mthamini au kwa wakala mwenzako. Tofauti kati ya bei inayotangazwa na bei inayolipwa ndiyo elimu yenyewe. Mwenye nyumba anajua ya kwanza tu. Wewe utakuja na ya pili.

Zungumza na walinzi, wenye maduka, mafundi bomba. Wao ndio wanaojua jengo gani maji hayapandi ghorofa ya tatu na nani anahama mwezi ujao.

Jifunze pia hesabu moja ambayo wawekezaji watakuuliza: faida ya kodi ya pango kwa mwaka. Nyumba ya 100,000 inayopangishwa 600 kwa mwezi inaingiza 7,200, yaani asilimia 7.2 ya bei. Wakala mvivu huishia hapo. Toa mwezi mmoja ikiwa tupu, 600. Matengenezo na usimamizi, 1,100. Bima na kodi ya jengo, 700. Imebaki 4,800, yaani asilimia 4.8. Mwekezaji akiona umempa namba ya pili bila kuulizwa, atakupigia tena.

Halafu jifunze kusoma taarifa ya upekuzi wa hati. Mambo matano, kwa utaratibu huu:

- Jina la mmiliki ni lilelile lililo kwenye kitambulisho cha anayekuambia ni nyumba yake?
- Namba ya kiwanja na ukubwa vinalingana na unachokiona ukiwa umesimama pale?
- Kuna rehani? Ya nani, na imelipwa kiasi gani?
- Kuna zuio lililowekwa na mwenza wa ndoa, ndugu, au mahakama?
- Umiliki ni wa kudumu au wa miaka maalumu, na imebaki mingapi?

Huu si ushauri wa kisheria na haukufanyi mwanasheria. Unakuepusha kutangaza kwa wiki nane nyumba ambayo haiwezi kuuzwa.

Utajua umeiva pale unapoingia kwenye nyumba ya eneo lako, unakisia bei kabla ya kuambiwa, na makisio yako mara nyingi hayapishani na bei iliyolipwa kwa zaidi ya asilimia 10.

## Hatua ya 6: Chagua kampuni ya kuanzia

Wanaoanza huuliza swali moja: mgawanyo wa kamisheni ni asilimia ngapi? Liwe la mwisho. Asilimia 80 ya mauzo ambayo hukuyafanya ni sifuri.

Uliza kwanza: nani atakaa nami kwenye mazungumzo yangu ya kwanza ya bei? Tangazo analipa nani? Kuna ada ya dawati au ya mwezi hata nisipouza? Kamisheni inalipwa siku ngapi baada ya kampuni kupokea pesa? Nikiondoka, wateja niliowaleta ni wa nani, na mauzo yaliyo njiani nalipwaje?

Yote hayo yawe kwenye mkataba. Kampuni inayokuambia "hayo tutaelewana" imeshakujibu.

Jihadhari pia na inayokutoza pesa nyingi za mafunzo mlangoni, na inayoajiri watu wengi kila mwezi bila kuchagua. Mara nyingi inachotaka ni orodha yako ya ndugu na marafiki. Ikiisha, nawe umeisha.

## Hatua ya 7: Tengeneza orodha ya watu, kisha itumie kistaarabu

Andika kila mtu anayekujua kwa jina: wafanyakazi wenzako wa zamani, majirani, wazazi wa watoto wanaosoma na wako, kinyozi wako, msusi wako. Wengi wanafika mia bila shida.

Kosa la kawaida ni kuwatumia wote ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye picha ya nyumba na maneno "nipo kwenye real estate sasa." Hakuna anayejibu, na wengine wanakuzima kimya kimya. Mpigie mmoja mmoja, watano kwa siku. Mazungumzo yawe mafupi:

"Shikamoo mama. Mimi sijambo. Mama, nimebadilisha kazi, sasa nashughulika na nyumba za upande ule wa kwenu. Sikupigii kukuuzia. Naomba tu, ukisikia mtu anahama au anatafuta, unikumbuke. Na ukitaka kujua nyumba za pale zinakwenda bei gani siku hizi, ninayo orodha, nitakutumia."

Ile orodha ya bei ndiyo inayokutofautisha, na ndiyo sababu hatua ya 5 imetangulia. Baada ya simu, andika tarehe, alichosema na lini utamtafuta tena. Kila baada ya miezi mitatu mpelekee kitu chenye faida kwake: nyumba ya jirani imeuzwa kiasi gani, sheria gani ya wapangaji imebadilika.

Mtu akikwambia hahitaji, mwache. Atabaki kukusema vizuri.

## Hatua ya 8: Mali ya kwanza, kutoka makubaliano hadi malipo

Makubaliano ya maandishi kwanza. Kabla ya kupiga picha hata moja, mkataba wa uwakala uwe umesainiwa na wamiliki wote, si mmoja wao: bei, muda, kiwango cha kamisheni, na lini inalipwa. Soko linaelekea huko kote. Marekani, tangu Agosti 2024, mawakala wanaotumia mifumo ya matangazo ya pamoja ya NAR, chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, lazima wawe na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba. Kamisheni ya mdomo ni zawadi. Mtu anaweza kubadili mawazo.

Bei. Mwenye nyumba atataja anayoitamani. Mwonyeshe jedwali lako, nyumba tatu zinazofanana na ya kwake na zilizolipiwa nini. Akisisitiza bei iliyo juu mno, kubaliana tarehe ya kuitazama upya, nayo iandikwe. Usikubali bei ya ndoto ili upate tu mkataba. Utatangaza kwa miezi na nyumba itaonekana ina kasoro.

Ikague wewe kwanza. Fungua kila bomba, vuta maji chooni, washa kila taa. Mulika dari kwa tochi uone duara za kahawia za maji yaliyokauka. Harufu ya rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu inaweza kuwa na maana kuna kilichofunikwa. Muulize mwenye nyumba, mara nyingi atakuambia. Kasoro unayoijua mwambie mnunuzi kabla hajaiona.

Picha na tangazo. Piga mchana, mapazia wazi, vyombo vimeondolewa kwenye meza. Taja ukubwa ulioupima mwenyewe, siyo uliosikia.

Kuonyesha nyumba. Hakiki jina na namba ya mteja kabla hamjakutana, mwambie mtu wa ofisini uko wapi na utarudi saa ngapi, na mteja atangulie kuingia kila chumba. Mwaka 1986 wakala kijana wa London, Suzy Lamplugh, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba na hakuonekana tena. Taasisi yenye jina lake inafundisha usalama wa wanaofanya kazi peke yao hadi leo. Usione aibu kuahirisha miadi kwa sababu moyo umekataa.

Pesa za mteja. Amana haipiti kwenye akaunti yako wala simu yako, hata kwa saa moja. Inakwenda kwenye akaunti maalumu ya wateja ya kampuni au ya mwanasheria. Ukifanya kazi upande wa muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, waambie wote kwa maandishi, kama sheria ya kwako inaruhusu. Na mnunuzi anayetaka kulipa kila kitu kwa noti bila kusema ilikotoka ni suala la kumpeleka kwa msimamizi wako: miongozo ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, inawataja mawakala wa nyumba waziwazi kwamba wanapaswa kumtambua mteja na kutoa taarifa za miamala yenye shaka.

Kufuatilia. Baada ya makubaliano ya bei, mawakala wengi wapya hukaa wakisubiri. Piga simu mara mbili kwa wiki: benki imemtuma mthamini? Mwanasheria anasubiri karatasi gani? Aliyeishikilia ni nani? Mauzo mengi huvunjika kwa karatasi iliyolala mezani kwa mtu.

Hatua hii imekamilika siku kamisheni inapoingia na umeweka pembeni sehemu ya kodi ya mapato siku hiyohiyo.

## Hatua ya 9: Kuacha kazi

Kama mlango wako ni wa mshahara, subiri barua ya ajira iliyosainiwa, kisha toa notisi. Hakuna la ziada.

Kwa kazi ya kamisheni, usiache mpaka mambo manne yawepo kwa pamoja: umelipwa angalau mara mbili, hata kama ni mapangisho, una mikataba mitatu ya uwakala iliyo hai, akiba ya hatua ya 1 haijaguswa, na mnayeishi naye nyumba moja ameiona ile hesabu na kukubali. Hilo la mwisho watu hulificha, halafu mwezi wa nne nyumba inakuwa na kesi mbili.

Kama kazi yako ya sasa haikuachii nafasi kabisa, anza na upangishaji wa mwisho wa wiki, au omba likizo bila malipo badala ya kujiuzulu. Ondoka vizuri. Bosi wako wa leo anaishi kwenye nyumba fulani.

## Hatua ya 10: Miezi ya mwanzo na tarehe ya kuamua

Panga siku kwa saa: asubuhi kutafuta wateja, mchana kuonyesha, jioni makaratasi na jedwali. Asubuhi ikiliwa na picha na mitandao ya kijamii, utaliona pengo lake baada ya miezi mitatu, wakati huna tena la kufanya.

Kila Ijumaa andika namba nne: watu wapya uliozungumza nao, nyumba ulizoonyesha, mikataba mipya ya uwakala, na mauzo yaliyo njiani. Usipime pesa kwa sasa, inachelewa mno kukuambia ukweli. Simu ni nyingi lakini hakuna miadi? Tatizo ni unachosema kwenye simu. Miadi ipo lakini mikataba hakuna? Hujui bei za eneo lako vya kutosha. Mikataba ipo na nyumba hazitoki? Umekubali bei za juu.

Kabla hujaanza, weka tarehe kwenye kalenda: siku ambayo akiba itakuwa imebaki ya miezi miwili. Siku hiyo angalia mauzo yaliyo njiani. Yakiwa na uwezekano wa kulipa ndani ya hiyo miezi miwili, endelea. Yasipokuwapo, omba kazi ya mshahara kwenye usimamizi wa majengo au upangishaji, palepale kwenye kampuni uliyopo kama inawezekana. Jedwali lako la bei na mikataba uliyosoma itakuwa sababu ya kukuajiri, na leseni yako bado ni hai.